KADI HAIUZWI: HISTORIA FUPI YA KUBADILISHANA KADI ZETU ZA KUDARIZI



Katika kijitabu hiki mweka hazina ameeleza habari za hisa na mikopo, na katibu ameandika juu ya mikutano yetu ya miaka 10. Mimi nimepewa kazi ya kueleza kadi zetu ndogo za kudarizi, zile tunazobadilishana mara mbili kwa mwaka, msimu wa kaskazi na msimu wa kusi. Watu wametuuliza sana: nyinyi ni kikundi cha akiba, sasa kadi zisizouzwa ni za nini? Jibu lake ni refu kidogo, nawaomba mnivumilie.

Kudarizi kwetu pwani si jambo geni. Mama zetu walidarizi foronya na mashuka ya maharusi. Kofia za viua za Unguja na Lamu nazo zimepita mikononi mwa wanawake wengi, tundu moja moja kwa sindano. Lakini kadi ya kudarizi ina historia yake, na historia hiyo imetoka mbali.

Kadi za posta zilizodariziwa kwa hariri zilionyeshwa katika Maonyesho ya Paris mwaka 1900. Zilivuma hasa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918. Ni vita hivyo hivyo vilivyopiganwa hapa Tanga Novemba 1914 na kuwachukua wapagazi wetu, ambao jina la Kariakoo ya Dar es Salaam ni kumbukumbu yao. Kule Ufaransa askari wa Kiingereza walinunua kadi hizo kuwapelekea mama zao, wake zao na wachumba wao. Zilikuwa na maua, bendera na maneno ya salamu. Nyingine zilishonwa kama bahasha, na ndani yake kikachomekwa kikadi kidogo. Wanawake wa Ufaransa na Ubelgiji, wengine wakimbizi wa vita, walidarizi ua lile lile mara nyingi kwenye utepe mmoja mrefu wa hariri, kisha utepe ukakatwa vipande na kubandikwa kwenye karatasi ngumu. Nyingine zilifanywa kwa mashine.

Sasa jamani, igeuzeni kadi ya namna hiyo mtazame nyuma. Mara nyingi jina la askari lipo, jina la mama yake lipo. Jina la mwanamke aliyedarizi halipo. Alilipwa ujira wake, basi, habari yake ikaishia hapo.

Habari ya kubadilishana ilikuja baadaye. Mwaka 1997 msanii mmoja wa Uswisi, M. Vänçi Stirnemann, alitengeneza kadi 1,200 kwa mkono na kuzionyesha mjini Zürich. Siku ya mwisho hakuziuza. Aliwaambia watu watengeneze za kwao, waje wabadilishane. Mwaka huo huo msanii Don Mabie alianzisha jambo hilo Calgary, Kanada, na toka hapo likaenea nchi nyingi. Masharti yake ni mepesi: kadi iwe milimita 64 kwa 89, ukubwa unaoenea kiganjani, nyuma uandike jina lako na tarehe, na kadi hubadilishwa kwa kadi, haiuzwi kwa fedha.

Sisi tuliposikia masharti hayo mwaka 2018 tulicheka, maana tuliona ni upatu! Katika upatu kila mtu anatoa na kila mtu anapokea, na kinachoshika mchezo ni uaminifu. Basi tukaanza. Kila mwanachama anatengeneza kadi 4 za mada moja. Tunakata boksi gumu, tunachukua marikani iliyozidi boksi upana wa kidole kila upande, tunachora kwa penseli, tunadarizi, kisha tunakunja pindo na kubandika. Uzi wa kudarizi una nyuzi ndogo 6. Kwa kadi tunachambua 2 tu, maana ukishona na zote ua linakuwa donge.

Msimamizi anapokea kadi na kuziandika daftarini. Siku ya mkutano kila mtu anarudishiwa kadi 3 za wenzake watatu, na ya nne inabaki katika albamu ya kikundi. Asiyeleta hapokei, awe mwenyekiti awe nani.

Mwaka 2019 alikuja mpenzi wetu mmoja akashauri kadi zote ziuzwe kwa watalii. Neno lile lilitugawa mikutano mitatu. Waliotaka kuuza walikuwa na haki yao, maana ada za shule hazilipwi kwa maua ya uzi. Mama mmoja mzee ndiye aliyetuamua. Alisema, "Kwenye hisa mwenye nyingi ana nyingi, na mwenye moja ana moja. Kwenye kadi tu ndiyo tuko sawa." Tukakubaliana hivi: anayetaka kuuza adarizi vitambaa na foronya, auze, na tutamsaidia kutafuta wateja. Kadi ya kubadilishana haiuzwi.

Faida yake tumeiona. Mwenzetu mmoja alifiwa na mume, akashindwa kununua hisa karibu mwaka mzima. Mwanamke akikosa hisa mara mbili tatu huona haya, anaacha kuja kabisa, na kikundi kinampoteza hivi hivi. Huyu aliendelea kuja kwa sababu kadi zake zilikuwa tayari. Alipopata nguvu akarudi kwenye hisa, na leo ni mmoja wa washika funguo za sanduku letu.

Mwingine tulimzika. Binti yake alikuja kufunga hesabu za marehemu, tukampa fedha zake zote na saini akaweka. Kisha akaomba kuona albamu. Alikaa nayo muda mrefu kwenye ukurasa wenye ua la mkarafuu, akaigeuza kadi, akasoma jina la mama yake kwa mwandiko wa mama yake mwenyewe. Daftari la hisa lilikuwa na jina hilo pia, lakini aliliandika katibu.

Kwa hiyo wenzangu, msimu ujao mada yetu ni mlango. Leteni kadi mapema, msimsumbue msimamizi dakika ya mwisho. Wale wenye macho mazito wasione haya, mshono wa mnyororo peke yake unatosha. Na kabla hujaitoa mkononi, igeuze uandike jina lako.



Mwenyekiti wenu