Ua Lionwavyo na Nyuki

Mnamo mwaka 1793 Christian Konrad Sprengel, mkuu wa skuli katika mji wa Spandau karibu na Berlin, alipiga chapa kitabu ambamo alidai kwamba mistari na madoa yaliyomo katika maua si pambo tupu, bali ni dalili za kumwongoza mdudu hata afike penye mbochi. Na maulamaa wa zama zake, kwa jumla, hawakumjali. Lakini Sprengel alizisoma dalili zile kwa basari ya mwanadamu, na zilizo nje ya basari hiyo hakuwa na njia ya kuzijua.

Njia ilifunguka mjini Jena mwaka 1801, Johann Wilhelm Ritter alipoona karatasi iliyotiwa kloridi ya fedha ikigeuka nyeusi upesi zaidi ng'ambo ya rangi ya urujuani, pasipoonekana nuru yoyote. Na kwa kuwa chumvi za fedha ndizo zilizokuja kuwa msingi wa upigaji picha, miale hiyo isiyoonekana, yaani urujuanimno, ilikwisha kuacha alama yake karatasini kabla kamera ya picha haijazaliwa. Kilichozuia kazi ya kupiga picha kwa miale hiyo baadaye ni kioo cha lenzi, ambacho huipitisha nuru tuionayo na kuizuia sehemu kubwa ya hiyo iliyositirika. Ikabidi lenzi zichongwe kwa jiwe la kwatzi. Hodari wa mambo hayo alikuwa Robert Williams Wood wa Baltimore, Marekani, aliyeipaka lenzi ya namna hiyo utando mwembamba wa fedha, upitishao urujuanimno na kuzuia karibu nuru nyingine zote, akapiga picha za mwezi na za mandhari ambamo vivuli karibu vimetoweka, kwa kuwa miale hiyo hutawanyika mbinguni kote.

Hata hivyo picha haithibitishi kuwa yuko mwenye macho ya kuiona miale hiyo. Ushahidi huo wangeutoa wadudu wenyewe. Mwaka 1924 Alfred Kühn alionyesha kwamba nyuki aliyefunzwa huitambua, naye Frank Lutz wa jumba la makumbusho ya viumbe la New York, ambaye naona hapewi sifa zimstahilizo, hakuridhika na picha za maua zilizopigwa kwa miale hiyo, bali aliwajaribu nyuki wadogo wasiouma wa Panama, kama waweza kupambanua nakshi za urujuanimno tupu, nao wakaweza.

Alizeti, ambayo petali zake kwetu ni manjano tangu shinani hadi nchani, katika picha za urujuanimno hutokea na duara jeusi lililozungukwa na weupe, mfano wa shabaha. Na wengi huitangaza picha hiyo kuwa ndivyo nyuki aonavyo, jambo nisilolikubali. Rangi za asili za nyuki ni tatu, urujuanimno, buluu na kijani, na picha hiyo yatupa moja tu. Karl Daumer, mwanafunzi wa mchunguzi wa nyuki Karl von Frisch, alilizingatia hilo mwaka 1958, alipoyapima maua kwa sehemu zote tatu, akakuta kwamba maua ya manjano yaliyo sawa machoni petu hutengana mbele ya nyuki, mengine yakiwa manjano halisi, mengine yakichanganyika na urujuanimno hata ikawa rangi tusiyoweza kuiwaza. Ama weusi wa shina la petali, ulipochunguzwa mwaka 1972 katika ua la Rudbeckia hirta, lililo nasaba moja na alizeti, ulikutwa watokana na kemikali ziitwazo flavonoli, ambazo huinyonya miale hiyo isirudi.