Zile shanga za angani: nani alimtangulia nani?

Leo tuache habari za bumu. Kuna stori mtandaoni kwamba Mnorwei mmoja, John Ugelstad wa Trondheim, alifanikiwa kutengeneza duniani vijishanga vya plastiki ambavyo NASA walikuwa wameshavitengeneza angani. Stori tamu, ila tuangalie miaka.

Kwanza, shanga zenyewe za nini? Ile mashine ya hospitali ya kuhesabu chembe za damu haijui ukubwa wa kitu. Chembe ikipita kwenye kitundu, umeme unashtuka, basi. Ili ujue mshtuko ule ni maikromita ngapi, sharti upitishe kwanza kitu ambacho ukubwa wake unajulikana. Kitu hicho ni vijishanga vya polistirini, vyote saizi moja.

Vidogo kabisa vilikuwepo tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, kutoka kampuni ya Dow, Marekani. Kasheshe ilikuwa kupata vya maikromita 10, yaani sehemu moja ya mia ya milimita. Vikiwa vinakua ni vyepesi, vinaelea. Vikishakuwa plastiki vinazama. Ukikoroga ili visizame, vinagandana! John Vanderhoff wa Lehigh University, ambaye zamani alikuwa Dow, akaona bora vikakulie mahali ambapo hakuna kuelea wala kuzama. Mtambo wake uliruka mara ya kwanza Machi 1982 ndani ya Columbia, halafu 1983 ukapanda Challenger. Julai 1985 shirika la vipimo la Marekani, ambalo sasa ni NIST, likaanza kuviuza kwa jina SRM 1960. Wastani wa kipenyo: maikromita 9.89. Kichupa cha mililita 5 kilikuwa dola 384, jamani. Ndiyo bidhaa ya kwanza kutengenezwa angani ikauzwa. Miezi sita baadaye, Januari 1986, Challenger ikalipuka na watu wake saba.

Sasa rudi kwa Ugelstad. Njia yake, ya kuchukua mbegu ndogo na kuzivimbisha kwanza ndipo zinyonye malighafi nyingi, ilikuwa tayari mwishoni mwa miaka ya 1970. Yaani kabla mtambo wa NASA haujaruka hata mara moja! Aliyeandika stori ile kaipindua.

Mimi simcheki Vanderhoff. Alihitaji kipimo cha kuaminika, na alikipata. Ila shanga za Trondheim ndizo zilizofika mbali: zikatiwa oksidi ya chuma, na mpaka leo maabara zinazitumia kuvuta seli kwa sumaku.