Jinsi ya kusafisha saa ya thamani nyumbani bila kuiharibu

SAA ya mkono iliyoundwa kwa ustadi inaweza kuishi zaidi ya mtu aliyeinunua, ikarithiwa na mwana na hatimaye mjukuu. Saa hiyo hiyo inaweza kuharibika asubuhi moja tu, pale mwenyewe anapoitumbukiza ndani ya karai la maji ya sabuni kwa nia njema ya kuitakasa.

Hasara ya namna hiyo huepukika. Kusafisha saa nyumbani ni kazi ya dakika chache isiyohitaji dawa kali wala mtambo, mradi mwenye saa azingatie kanuni moja: kinachosafishwa nyumbani ni nje ya saa pekee, na kabla ya maji kuguswa sharti ijulikane kama saa yenyewe ina uwezo wa kuyazuia.

Uchafu na madhara yake

Uchafu wa saa hautokani na vumbi la njiani peke yake. Jasho lina chumvi, nayo ngozi hutoa mafuta na chembe zilizokufa. Hivi vyote huchanganyika na vumbi, losheni na masalia ya sabuni, vikajificha mahali ambapo kidole hakifiki: nyuma ya kasha, ndani ya bizimu na baina ya pingili za mkanda wa chuma.

Madhara yake si ya sura tu. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, ambacho almasi hupewa nambari 10, chembe za kawaida za mchanga hufikia 7. Chembe hizo ni ngumu kuliko dhahabu na chuma cha saa. Zikishikana na mafuta ya ngozi hugeuka kuwa kama msasa, na kila mkono unapotikisika huzisaga pini na pingili kidogo kidogo. Ndiyo sababu mikanda ya saa nyingi za zamani huonekana imelegea na kuning'inia hata kama hakuna pingili iliyokatika.

Wapo wanaodhani kuwa chuma kisichoshika kutu hakiwezi kudhuriwa na chochote. Chuma hicho hulindwa na utando mwembamba mno unaotokana na kromiamu kukutana na oksijeni ya hewani. Chumvi ya jasho au ya bahari ikikaa muda mrefu katika mwanya usiopata hewa, utando huo hutoboka, na chuma huanza kuliwa vishimo. Vishimo hivyo vikitokea chini ya mfuniko wa nyuma, pale inapokaa pete ya mpira, maji huwa yamepata njia. Kwa hivyo anayeoga baharini Mombasa, Malindi au Lamu akiwa na saa mkononi anapaswa kuisuuza kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, wala asingojee mwisho wa juma.

Je, saa yenyewe inazuia maji?

Swali hili ndilo la kwanza, na jibu lake kwa kawaida huandikwa usoni mwa saa au nyuma ya kasha.

Mnamo 1926 kampuni ya Rolex ilitoa saa iliyoitwa Oyster, ambayo kasha lake lilifungwa kwa kuzungushwa kama mfuniko wa chupa ili maji na vumbi visipenye. Oktoba 1927, mwogeleaji Mwingereza Mercedes Gleitze aliivaa shingoni alipokuwa akijaribu kuvuka tena mlangobahari ulio kati ya Uingereza na Ufaransa. Baridi ilimshinda akatolewa majini baada ya zaidi ya saa kumi, lakini saa yake ilikuwa bado inatembea. Rolex ilitangaza habari hiyo magazetini, na fikra ya saa isiyoogopa maji ikaenea.

Hata hivyo, tarakimu zinazoandikwa kwenye saa huwapotosha wengi. Mita 30 si ruhusa ya kupiga mbizi hadi kina hicho. Ni kipimo cha shinikizo ambalo saa mpya ilistahimili ilipojaribiwa. Saa ya mita 30 hustahimili matone ya mvua na ya kunawa mikono tu. Ile ya mita 50 inaweza kusuuzwa bila wasiwasi mwingi, nayo ya mita 100 inafaa kwa kuogelea. Kanuni ya kimataifa ya saa za wapiga mbizi, ISO 6425, hudai angalau mita 100, na saa hizo hujaribiwa kwa shinikizo linalozidi kiwango kilichoandikwa kwa asilimia 25.

Kinachozuia maji ni pete ndogo za mpira zilizowekwa chini ya kioo, chini ya mfuniko wa nyuma na ndani ya kifundo cha pembeni, yaani kile kinachotumiwa kurekebisha saa na kuitia ufunguo. Mpira huzeeka. Joto, jasho, manukato na miaka huukausha, ukapoteza mnyumbuko wake. Saa iliyonunuliwa miaka 15 iliyopita na ambayo haijawahi kubadilishwa pete hizo ichukuliwe kuwa haizuii maji, hata kama tarakimu zilizoandikwa juu yake ni kubwa kiasi gani.

Hatari nyingine huanzia kwenye meza ya fundi. Saa ya betri inapobadilishwa betri, mfuniko wa nyuma hufunguliwa. Pete ikirudishwa imepinda au ikiwa na unywele mmoja juu yake, kinga ya maji imekwisha. Mwenye saa ya thamani anapaswa kumuuliza fundi mambo mawili kabla ya kumwachia kazi: iwapo ana pete mpya ya kipimo kinachofaa, na iwapo ana mtambo wa kupima shinikizo baada ya kufunga. Anayeoga au kuogelea na saa yake aipeleke ipimwe kila mwaka au miwili. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hatua za kuisafisha

Vifaa vinavyohitajika ni bakuli, maji vuguvugu, matone machache ya sabuni ya maji isiyo kali, mswaki mpya wenye nywele laini na vitambaa viwili visivyotoa nyuzi.

Kwanza, kifundo cha pembeni kibonyezwe hadi ndani. Kama ni cha kukazwa kwa kuzungushwa, kikazwe hadi kisimame, bila kutumia nguvu. Kifundo hicho kisivutwe saa ikiwa na maji, wala vitufe vyake vingine visibonyezwe. Kifundo kilichoachwa wazi ni mlango uliofunguliwa.

Pili, vumbi liondolewe kabla ya kusugua. Saa ipulizwe kwa kipulizio kidogo cha mpira au, ikiwa inazuia maji, isuuzwe. Anayeanza kwa kufuta saa kavu yenye vumbi huwa anaisugua kwa mchanga ule ule ulio mgumu kuliko chuma.

Tatu, mswaki uchovywe ndani ya maji ya sabuni na kupitishwa taratibu kati ya pingili, ndani ya bizimu, pembeni mwa kioo na nyuma ya kasha. Ikiwa mkanda wa chuma unaweza kutolewa bila kukwaruza kasha, ni bora utolewe na uloweshwe peke yake kwa dakika chache. Kazi hii ifanyiwe juu ya bakuli au taulo, kwa maana vijiti vya springi vinavyoshika mkanda ni vidogo na hupotea upesi.

Nne, sabuni yote isuuzwe, saa ikaushwe kwa kitambaa, kisha iachwe kivulini hadi mianya yote ikauke ndipo ivaliwe. Isianikwe juani wala kukaushwa kwa mashine ya nywele.

Maji ya moto hayafai. Joto huitanua metali na mpira kwa viwango visivyolingana, na saa inapopoa ghafla, hewa iliyo ndani hujikunyata na inaweza kuvuta unyevu. Kwa sababu hiyo, kuoga na saa chini ya maji ya moto ya bafuni ni kosa, hata ikiwa ni saa ya wapiga mbizi.

Kwa saa isiyozuia maji, au ambayo hali ya pete zake haijulikani, bakuli liwekwe kando. Itumike pembe ya kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa vizuri, kisha kitambaa kikavu kifuate mara moja.

Mkanda wa ngozi, iwe ya ng'ombe au ya mamba, hausuguliwi kwa maji. Hupanguswa kwa kitambaa kikavu kila unapovuliwa na kupumzishwa siku moja ili jasho likauke. Ukianza kunuka au kupasuka, dawa ni kuubadilisha. Mikanda ya mpira na ya nailoni huoshwa kwa sabuni baada ya kutolewa kwenye saa.

Vitu vya kuepukwa

Dawa ya meno husifiwa sana mitaani kuwa inang'arisha. Ina chembe za kusugulia, na hicho kinachoonekana kung'aa ni tabaka la metali lililokwanguliwa. Waya wa kusugulia sufuria hufanya uharibifu huo huo kwa kasi zaidi.

Dawa za kung'arisha nguo zenye klorini hushambulia utando unaokilinda chuma. Spiriti inaweza kukipasua kioo cha plastiki cha saa za zamani. Vioo vya saa nyingi ghali za siku hizi ni vya yakuti inayotengenezwa viwandani, yenye ugumu wa 9 katika kipimo cha Mohs, lakini hata hivyo baadhi yake vimepakwa nje utando wa kuzuia mmeremeto ambao hukwaruzika kwa urahisi.

Mashine za kusafishia kwa mitetemo ya sauti zinaweza kutumika kwa mkanda wa chuma uliotolewa peke yake. Saa nzima isitiwe humo, kwa kuwa mitetemo hiyo inaweza kulegeza skrubu na vito, na kuyapeleka maji mahali yasipotakiwa.

Mikwaruzo si uchafu

Kosa linalogharimu zaidi ni kuchanganya uchafu na alama za umri. Uchafu huondolewa, mikwaruzo hukwanguliwa pamoja na metali iliyoizunguka. Dhahabu ya karati 18, ambayo asilimia 75 yake ni dhahabu tupu, ni laini, na kila inapopitishwa kwenye gurudumu la kung'arishia, kingo zake hufifia na maandishi yake hupungua kina.

Kwa wakusanyaji wa saa, maandishi hayo ndiyo mali. Oktoba 2017, saa ya Rolex Daytona iliyokuwa ya mwigizaji wa Marekani Paul Newman iliuzwa katika mnada wa Phillips jijini New York kwa zaidi ya Dola 17.7 milioni. Nyuma yake yamechorwa maneno machache ya mkewe, Joanne Woodward, akimsihi aendeshe gari kwa uangalifu. Nchini Oman, Sultan Qaboos bin Said, aliyetawala kuanzia 1970 hadi 2020, aliwatunukia watu saa zenye nembo ya jambia, na saa hizo hutafutwa hadi leo kwa ajili ya nembo hiyo. Saa ya babu iliyochorwa jina lake na tarehe ya kustaafu haina bei ya mnada, lakini nayo hubeba ushahidi usioweza kurudishwa ukishafutwa.

Mfuniko usifunguliwe

Ndani ya saa hamna kazi ya mtu wa nyumbani. Mafuta yanayolainisha magurudumu yake huwekwa kwa vipimo vidogo mno, na chembe moja ya vumbi inaweza kuisimamisha.

Kwa saa kongwe ipo hatari kwa afya pia. Nyingi zilizoundwa kabla ya miaka ya 1960 kumalizika zilipakwa kwenye akrabu na tarakimu rangi ya kung'aa gizani yenye radiamu. Wanawake waliopaka rangi hiyo viwandani Marekani katika miaka ya 1910 na 1920, wakichonga ncha za brashi kwa midomo yao, waliugua maradhi ya taya na mifupa, na baadhi wakafariki. Saa hizo huenda hazing'ai tena kwa sababu kemikali ya mwanga imechakaa, lakini radiamu huchukua takriban miaka 1,600 kupungua nusu. Ikiwa imefungwa, hatari yake kwa mvaaji ni ndogo. Kuifungua na kuipangusa rangi inayomeguka kunaweza kuingiza vumbi lake mapafuni.

Usafishaji wa ndani huachiwa fundi aliyefunzwa. Rolex hupendekeza kazi hiyo takriban kila miaka 10 kwa saa zake. Watengenezaji wengine hutaja muda mfupi zaidi.

Iwapo ukungu utaonekana chini ya kioo, maji yameshaingia. Kuifukia saa ndani ya mchele hakutasaidia, kwani unyevu uliofungiwa ndani ya kasha hauwezi kunyonywa kutoka nje. Ukungu unaweza kutoweka wenyewe joto likipanda, lakini maji huwa hayajaondoka, na kutu huanza kuzitafuna springi na skrubu pasipo kuonekana. Saa hiyo ifikishwe kwa fundi siku hiyo hiyo, na ikiwa maji yaliyoingia ni ya bahari, kila saa inayopita ina gharama yake.