Wakazi wa Le Court walivyojipigania

Mwaka 1948 Leonard Cheshire, rubani wa kivita aliyekuwa ameacha jeshi la Uingereza, alikuwa na jumba kubwa huko Hampshire liitwalo Le Court, na madeni juu. Aliposikia kwamba Arthur Dykes, aliyekuwa mahututi kwa saratani, hana pa kwenda, alimchukua akamuuguza mwenyewe. Wengine wakafuata. Ndivyo zilivyoanza nyumba za Cheshire, ambazo baadaye zilifika hadi Afrika Mashariki.

Wema ule ulikuwa wa kweli. Enzi hizo kijana mwenye ulemavu mkubwa, ndugu wakishindwa kumtunza, aliishia wodini pamoja na wazee. Paul Hunt, aliyeugua ugonjwa wa kudhoofika misuli, alipitia maisha hayo kabla ya kuhamia Le Court mwaka 1956, akiwa na miaka 19.

Lakini mtu mzima hapangiwi saa ya kulala. Hunt na wenzake walipigania mambo ambayo wengi wetu hatujawahi kuyaombea ruhusa: kulala wapendapo, kunywa bia, kutoka, kupendana. Wakadai pia kusikilizwa katika uendeshaji wa nyumba. Mwaka 1972, akiwa ameshaoa na kuondoka, Hunt aliandika barua katika gazeti la The Guardian akiwataka wenye ulemavu waungane. Kikazaliwa chama cha UPIAS, kilichotamka wazi kwamba kinachowafunga watu hawa ni jinsi jamii ilivyojipanga, wala si miili yao. Kwa maoni yangu, barua ile fupi ilizidi ripoti nyingi za wataalamu.

Mwaka 1979 wakazi kadhaa wa Le Court wakaanzisha Mradi 81. Hoja yao ilikuwa ya hesabu: kama halmashauri zinalipia matunzo yao ndani ya makao, kwa nini fedha hizo zisiwafuate kwenye nyumba za kawaida, wakaajiri wasaidizi wao wenyewe? Mazungumzo yalichukua miaka. Mmoja wao, John Evans, alihamia kwake mwaka 1983. Sheria ya kuziruhusu halmashauri kumkabidhi mhusika fedha ilipitishwa mwaka 1996.

Haki ya kuchagua pa kuishi na wa kuishi naye sasa imo katika kifungu cha 19 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ulioridhiwa na Kenya mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Kwetu, hata hivyo, kazi ya kuwatunza wenye ulemavu bado imewaelemea akina mama na dada, wengi wao wakikosa hata wa kuwapokea siku moja wapumzike. Serikali zetu zitenge fedha kwa ajili hiyo, na kabla ya kujenga chochote ziwaulize vijana wenyewe wanataka kuishi wapi.