Taswira za Usakinishaji wa Linux kwa Seva Zisizo na Mtandao: Hati Zinazopotea katika Historia ya Kompyuta Kanda ya Ziwa

Ni rahisi kuisimulia historia ya kompyuta nchini Tanzania kama historia ya kusubiri mkongo. Kwa mtazamo huo, kipindi cha kabla ya Julai 2009, mkongo wa baharini wa SEACOM ulipoanza kazi Dar es Salaam, ni kipindi cha upungufu mtupu. Insha hii inaupinga mtazamo huo kwa kuchunguza taswira ya usakinishaji wa Linux, yaani faili moja linalobeba mfumo endeshi, programu teule na maelekezo ya kuzisimika katika seva isiyofikiwa na intaneti. Hoja kuu ni kwamba taswira hizo ni hati za kihistoria, na kwamba zinapotea.

Mwanza ni mahali panapofaa kuanzia. Reli ilifika mjini humo mwaka 1928, na mizigo ya kutoka pwani ikawa inahamishiwa melini kuelekea Bukoba na visiwani. Programu nazo zilihitaji kusafiri kama mizigo. Hadi mwaka 2011, kampuni ya Canonical iliwatumia waombaji CD za Ubuntu kwa posta bila malipo. CD moja ilibeba takribani megabaiti 700, kiasi ambacho modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde ingehitaji zaidi ya saa 27 kukipakua. Aidha, mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, ukathibitisha kwamba programu huria inaweza kurekebishwa nchini badala ya kupokelewa tu.

Hata hivyo, CD ya kawaida huuliza maswali mengi na mara nyingi hutafuta vifurushi vya ziada mtandaoni. Debian 3.1, iliyotolewa Juni 2005, ilikuja na kisakinishi kipya kinachoweza kusoma majibu kutoka faili lililoandaliwa kabla: lugha, majira ya saa, mgawanyo wa diski na orodha ya vifurushi. Faili hilo likiunganishwa na vifurushi vyenyewe katika taswira moja, seva huweza kusimikwa bila mtandao na bila mtaalamu kuwapo.

Ugumu upo katika vifurushi tegemezi. Kila programu huhitaji nyingine, nazo huhitaji nyingine tena. Kikikosekana kimoja, kazi hukwama. Kwa fundi aliyevuka ziwa kutoka Mwanza hadi Nansio, Ukerewe, kosa hilo humrudisha melini. Vivyo hivyo, seva ambayo betri yake ya saa imekufa inaweza kuikataa sahihi halali ya vifurushi kwa kudhani kwamba imetiwa siku ambayo bado haijafika. Hivyo basi, mtengenezaji wa taswira hulazimika kuyatabiri mazingira ya mahali asipokuwapo, na utabiri wake hubaki umeandikwa ndani ya faili.

Kuja kwa mkongo hakukukomesha kazi hii, bali kulibadilisha sababu zake. Seva yenye taarifa za wagonjwa inaweza kutengwa kwa makusudi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeupa uamuzi wa namna hiyo uzito zaidi. Lakini utengano una gharama yake: taswira hubaki na kasoro za usalama za siku ilipotengenezwa, mpaka mtu apeleke nyingine. Kwa hiyo swali la nani anatengeneza, nani anahakiki na nani anarudi kuhuisha ni swali la mamlaka na dhamana, si la ufundi pekee.

Hapo ndipo mwanahistoria anapopata hasara. Taswira mpya huandikwa juu ya ya zamani katika flashi ileile, na faili la majibu hufutika pamoja nayo. Kinachobaki ni ripoti za miradi, zinazohesabu kompyuta zilizogawiwa bila kueleza zilivyofanywa zifanye kazi. Faili la majibu ni maandishi ya kawaida yenye ukubwa wa kilobaiti chache tu. Vyuo na hospitali za Kanda ya Ziwa vikilihifadhi pamoja na tarehe, orodha ya vifurushi na jina la aliyeliandaa, watafiti wajao watawaona mafundi wa ziwani kama waamuzi waliochagua teknolojia yao, na si kama watu waliokaa wakisubiri mkongo.