Jinsi ya kuokoa mafuta ya gari bila kuhatarisha maisha

KILA tarehe 14 ya mwezi, wenye magari nchini husubiri kwa wasiwasi tangazo la Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) kuhusu bei mpya za mafuta. Mnamo Septemba 2023, lita moja ya petroli jijini Nairobi ilipita Sh200 kwa mara ya kwanza, ikauzwa kwa Sh211.64. Dereva hana uwezo juu ya bei. Lakini ana uwezo juu ya kiasi cha mafuta anachotumia.

Muhimu zaidi ni namna ya kuendesha. Kwa mujibu wa Wizara ya Kawi ya Marekani, kuongeza kasi na kufunga breki ghafla hupunguza umbali ambao gari husafiri kwa kila lita kwa asilimia 15 hadi 30 katika barabara kuu, na asilimia 10 hadi 40 penye msongamano. Kila unapofunga breki, nguvu uliyoinunua kwa petroli hugeuka joto na kupotea bure. Kwa hivyo, ongeza kasi polepole, acha nafasi kati yako na gari lililo mbele, na uondoe mguu kwenye mafuta mapema uonapo magari yamesimama. Aidha, kasi inapozidi kilomita 80 kwa saa, hewa hulipinga gari kwa nguvu zaidi na matumizi ya mafuta hupanda haraka.

Pili, kagua upepo wa magurudumu angalau mara moja kwa mwezi, asubuhi kabla ya safari, yakiwa bado baridi. Kipimo kinachofaa huandikwa kwenye kibandiko kilicho karibu na mlango wa dereva.

Tatu, ondoa mizigo isiyohitajika, hasa ile ya juu ya paa, na uzime injini unaposubiri kwa muda mrefu nje ya barabara.

Hata hivyo, ipo njia moja inayopaswa kuepukwa kabisa: kuondoa gia na kuliacha gari literemke lenyewe. Tabia hii miongoni mwa baadhi ya madereva wa malori imehusishwa na ajali nyingi katika mteremko wa Sachangwan hadi Salgaa. Gari likiwa nje ya gia, injini haisaidii kulizuia. Breki hubeba uzani wote, hupata joto kupita kiasi na kushindwa kazi.

Isitoshe, katika magari ya kisasa akiba hiyo ni ya kudhaniwa tu. Gari likiteremka katika gia bila mafuta kukanyagwa, magurudumu ndiyo huzungusha injini, na kompyuta hukata mafuta. Gia ikiondolewa, injini hulazimika kuendelea kunywa mafuta ili isizime.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini akiba ya mteremkoni huenda ikagharimu uhai.