Neno "Gavana" katika Isiolo

Kabla ya 1963 neno *gavana* lilimtaja mteule wa Taji la Uingereza, aliyetawala Kenya bila kupigiwa kura. Isiolo, iliyokuwa katika Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, iliionja maana hiyo vikali: hata kusafiri kulihitaji kibali. Baada ya uhuru neno lilisalia, yafaa ikumbukwe, kwa mkuu wa Benki Kuu. Katiba ya 2010 ikalirudisha kwenye utawala. Tarehe 4 Machi 2013 mpiga kura wa Kiwanjani alipewa karatasi sita, za rais na gavana zikiwamo. Godana Doyo akawa gavana wa kwanza wa kaunti. Mwaka 2017 kura zilimweka Mohamed Kuti mahali pake, jambo ambalo gavana wa kikoloni hakulazimika kuliogopa.